Vitambaa vya Mwalimu Tumaini

Asubuhi niliyoanza kazi ya utafiti sikuwa nimetoka kutafuta kazi. Nilifunga mlango wa chumba changu Buguruni, nikageukia upande ambao jua lilikuwa halinipigi usoni, nikaenda. Ndivyo nilivyokuwa nikiishi. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nilikuwa nimebeba mizigo, nimeuza soksi, nimekuwa utingo wa lori la mbao, nimefagia duka la intaneti. Kila kazi nilikaa nayo mpaka nikaelewa inavyofanyika, halafu miguu ikaanza kuwasha. Mama yangu alikuwa akiwaambia watu kuwa mwanawe ana ugonjwa wa kutaka kujua, na aliutaja kama mtu anavyotaja pumu.

Nilifuata barabara ya malori mpaka Kurasini. Huko, katikati ya yadi za makontena, nikakuta pikapu imekwama nyuma ya foleni ya malori, na mama mmoja wa makamo, amevaa baibui, amesimama barabarani akimwuliza kila anayepita shule ya msingi iko wapi. Kila mtu alimwonyesha upande wake. Mimi nilikuwa nimebeba magunia eneo lile, nikajua kuna njia ya kupita nyuma ya ukuta wa yadi. Nikapanda nyuma, juu ya maboksi, kuwaonyesha. Tukiwa tunakwenda nikamwuliza kupitia kidirisha wamebeba nini.

"Maswali," akasema.

"Maboksi yote haya?"

"Haya ya wiki hii tu."

Sikuwahi kusikia maswali yanayohitaji pikapu. Nilipomaliza kuwashushia, sikuondoka.

Yule mama ndiye Bi Rehema, mzaliwa wa Temeke, msimamizi wa watu wa mitaani katika mradi wetu. Nyie mliokuja juzi mmemkuta kwenye picha tu, pale ukutani ofisini Kinondoni, amekunja uso kwa sababu mpiga picha alimwambia acheke. Mradi ulikuwa unachunguza jinsi watoto wa shule wanavyotumia kompyuta na simu: kusoma, kuandika, kutafuta habari, na kujua lipi la kuamini. Bi Rehema alihitaji mtu anayejua vichochoro. Mimi nilijua vichochoro na sikuwa na mahali pa kwenda.

Wiki ya kwanza hakunipa dodoso hata moja. Alinipa kazi ya kukaa. Tukiingia nyumba ya watu, mimi nakaa, yeye anauliza, na tukitoka ananiuliza nimeona nini. Nikimwambia nimeona mama amejibu vizuri, anasema hilo amelisikia na yeye. Nimeona nini? Basi nikaanza kuona. Nikaona kwamba simu ya nyumba haikai mfukoni mwa mtu, inakaa dirishani, pale mtandao unapofika. Nikaona kwamba dodoso letu liliuliza, "Je, una simu yako mwenyewe?" na watoto wakajibu hapana, na palepale wakanyoosha mkono dirishani kuichukua.

Mengine alinifundisha kwa maneno. Usiende nyumbani kwa watu wakati wa kupika. Anza kwa mjumbe, hata kama barua ya serikali ya mtaa unayo, kwa sababu barua haiwezi kujibu salamu. Ukiletewa kiti cha pekee na mwenye nyumba ni mtu mzima, kaa kwenye mkeka. Vaa ndala zinazovuka haraka. Na kubwa kuliko yote, uliza swali moja, halafu nyamaza. Mimi nilikuwa nauliza swali na kulijibu mwenyewe, kwa hamu. Alinikanyaga mguu chini ya meza mpaka nikapona.

Vifaa vyetu vilikuwa ubao wa kubania karatasi, penseli iliyofungwa kwa uzi, na mfuko wa nailoni wa kufunikia yote mvua ikinyesha. Vishikwambi vilikuja baadaye. Ninavisifu, havihitaji kuchongwa, lakini penseli haijawahi kuniambia imeishiwa chaji wakati bibi wa watu yuko katikati ya habari tamu.

Kinondoni na Temeke zilikuwa kazi mbili tofauti. Kinondoni tulifanya mahojiano mengi kupitia kitundu cha geti, na nimezungumza na macho ya watu ambao nyuso zao sizijui mpaka leo. Temeke ukikaribishwa unaingia mpaka uani, na swali unalomwuliza mmoja linajibiwa na wapangaji wote.

Sasa niwaeleze habari ya Mwalimu Tumaini, maana ndiyo iliyonifanya nikae katika kazi moja miaka yote hii, mimi ambaye nilikuwa sikai.

Alikuwa mwalimu wa shule ileile ya Kurasini, mtu wa Njombe, mrefu, mwenye sauti ndogo. Mradi ulipogawa kompyuta kwa baadhi ya shule, ya kwake haikuwa na chumba. Kulikuwa na stoo ya madawati mabovu. Aliomba ile stoo kwa mwalimu mkuu mpaka mwalimu mkuu akawa anamkwepa, kisha siku moja akampa funguo ili apate amani. Mwalimu Tumaini akafagia, akapaka chokaa, akawaita wazazi. Pale vumbi la malori halilali, kwa hiyo kina mama wakashona vitambaa vya kufunikia kompyuta, vingine vimefumwa kwa uzi mweupe pembeni kama vya makochi ya sebuleni. Kila kompyuta na kitambaa chake.

Na chumba kikawa na taratibu. Viatu nje. Mikono inaoshwa kwenye ndoo. Unaingia, unakaa, unaweka mikono mapajani, unasubiri. Mwalimu anafunua kompyuta moja ya mbele, anaeleza, darasa linatazama. Siku nyingine mmoja anaitwa kubonyeza, kwa kidole kimoja. Kikiisha kipindi, kitambaa kinarudi. Wageni waliokuja waliandika sifa kwenye kitabu cha wageni, na mimi ni mmoja wao. Niliandika kwamba sijaona chumba kimya namna ile tangu nizaliwe. Nilidhani ni sifa.

Tatizo ni kwamba mradi ulikuwa na sharti. Shule zote zingepimwa, na ile ambayo watoto wake wangeonekana hawazitumii, kompyuta zake zingehamishiwa shule nyingine yenye uhitaji. Sharti lenyewe halikuwa baya. Tulikwishakuta shule kompyuta zimekaa ndani ya maboksi, juu yake pamelala kuku.

Siku ya kipimo nilikuwepo. Taratibu zilitaka mwalimu wa darasa akae nje, ili asiwasaidie watoto. Mwalimu Tumaini akavifunua vitambaa, akavikunja, akatoka navyo mikononi. Watoto wakaingia, miguu peku, mikono mapajani. Mpimaji wetu, kijana kutoka ofisini, akasoma maelekezo: fungua, tafuta habari hii, andika ujumbe huu, soma tangazo hili useme kama ni la kweli. Akasema, "Anzeni."

Hakuna aliyeanza. Walitazama mlangoni, walitazama kompyuta, walimtazama kijana wetu. Akarudia. Mtoto mmoja wa mbele, msichana anaitwa Zuhura, akanyoosha kidole, akagusa kitufe kimoja, akachukua pindo la sketi yake akakifuta pale alipogusa, akarudisha mikono mapajani. Muda ukaisha hivyo.

Majibu hayakuhitaji hesabu. Mwalimu mkuu akaarifiwa kwamba muhula ukifungwa kompyuta zitachukuliwa. Tulipokwenda kuwaeleza, Mwalimu Tumaini alisikiliza mpaka mwisho, halafu akanitazama mimi, labda kwa sababu nilikuwa wa chini kuliko wote.

"Kaka, nimewafundisha kuzitunza," akasema. "Hizi zikiondoka, nani atatupa nyingine?"

Bi Rehema akachukua ubao wake, tukatoka.

Lakini kazi yetu ilikuwa na sehemu ya pili, ya kuwatembelea watoto walewale majumbani. Nyumba ya kwanza ikawa ya kina Zuhura. Mama yake alikuwa anapika vitumbua kwa ajili ya madereva na mawakala wa bandarini, na alitupokea uani, akatupa vigoda, na kila aliyekuwa pale akasogea. Bi Rehema alikuwa bado hajatoa ubao wake simu ikalia dirishani. Zuhura akaruka, akaichukua. Ilikuwa simu ya kioo kilichopasuka pembe kwa pembe. Akasikiliza ujumbe wa sauti wa wakala mmoja anayetaka vitumbua vya ofisi nzima, akamjibu kwa sauti, akapiga picha ya sinia ili mteja aone ukubwa, akaituma. Shangazi yake akamwambia amepiga upande wa vilivyoungua. Wakacheka. Akapiga tena.

Kabla hajairudisha dirishani ukaingia ujumbe wa maandishi. Mama mtu akauliza kuna nini.

"Umeshinda zawadi, mama," Zuhura akasema.

"Mie? Ya nani?"

"Ya matapeli. Eti kampuni, halafu namba ya mtu binafsi. Na hata jina lako hawalijui."

"Wajibu basi wakuletee wewe."

"Ukiwajibu wanajua simu ina mtu," akasema, na akaufuta ujumbe bila kututazama, kama mtu anayefukuza nzi.

Swali la mwisho la kipimo chetu, lile la tangazo la uongo, alikuwa amelijibu amesimama, huku ananyonya kidole kilichoshika unga. Bi Rehema akaniangalia, nami nikamwangalia. Akauliza swali lake moja.

"Mwanangu, mbona shuleni hukugusa?"

Zuhura akamtazama mama yake kwanza. "Ile nikiiharibu, shule nzima itanisema. Hii nikiiharibu nitapigwa tu."

Wote uani wakacheka, isipokuwa mama yake. Akasema ni kweli, alimwambia mwenyewe. Wazazi wote walikubaliana siku waliposhona vitambaa: mtoto atakayevunja kompyuta asirudi nyumbani. Walilisema kwa mapenzi. Hivyo vitu vilikuwa vyao wote, na hawakuwa na uwezo wa kununua vingine. Tulikwenda nyumba nyingine, na nyingine, na kote ikawa vilevile. Watoto waliokaa kama wamepigwa picha shuleni, nyumbani ndio waliokuwa macho na masikio ya wakubwa wao.

Jioni ya siku hiyo Bi Rehema alimpelekea habari Daktari, mkuu wa mradi. Nilidhani atakasirika au atafurahi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alivua miwani, akasema anaelewa, lakini kipimo ni kimoja kwa shule zote. Tukikibadilisha kwa shule moja kwa sababu tunampenda mwalimu wake, nyingine watasema nini? Naye atawajibu nini? Nilitafuta kosa katika maneno yake njia nzima ya kurudi Buguruni, nikalikosa. Ninawaambia hili kwa sababu vijana wengi mnadhani mtu anayekukatalia lazima awe mjinga.

Kesho yake yeye mwenyewe akatuita. Hakuwa amelala vizuri, shati lilikuwa lilelile. Akasema swali tulilouliza ni kama watoto wanajua, na tulichopima ni kama wanathubutu. Kwa hiyo kipimo kina kasoro, na kina kasoro kwa shule zote. Kitarudiwa kote, kabla muhula haujafungwa, na kila shule itawapa watoto muda wa kuzoea kompyuta kwa mikono yao. Asiyewapa muda huo, shauri yake.

Mnaona basi kazi yote ilivyomrudia Mwalimu Tumaini. Ilibidi akivunje kile alichokijenga, na wazazi wakubali.

Kikao cha wazazi kilifanyika palepale kwenye chumba, viatu vimejaa mlangoni. Mwalimu akaeleza. Kisha baba mmoja, kuli wa yadi, akasimama akasema yeye anafungua makontena kila siku na anajua vumbi la pale linavyoingia hata kwenye kitu kilichofungwa. Leo mnasema tufunue? Mzee mwingine akauliza zikiharibika mradi utaleta nyingine, na Bi Rehema akasema hapana, hatawadanganya. Kikao kikaanza kuelekea kubaya. Mama Zuhura akasimama, akiwa na unga kwenye khanga.

"Mie simu yangu imeshatumbukia kwenye unga wa vitumbua," akasema. "Tumeikung'uta, inapiga. Inanilisha. Hizi hapa tumezishonea nguo nzuri, na zinaondoka mwezi ujao na nguo zao. Tumemshonea nani?"

Baba yule wa yadi akajikuna kichwa. Akasema basi atakuja yeye kuziba nyufa za madirisha, lakini vitambaa virudi usiku.

Wazazi walikubali, lakini watoto walikuwa hawajakubali. Asubuhi iliyofuata vitambaa vilikuwa vimekunjwa juu ya kabati, na darasa limekaa mikono mapajani, kimya kilekile. Mwalimu Tumaini aliwaambia waguse. Hawakugusa. Aliwaambia tena. Basi akaenda kwenye kompyuta ya mbele, iliyokuwa inaonekana na wote, akaweka mikono yake yote miwili juu ya vitufe, akavibonyeza ovyo, vyote, kama anakanda unga. Nilisimama mlangoni nikitazama. Skrini ikaganda.

"Mwalimu," Zuhura akanong'ona, "imekufa."

"Imechoka," Mwalimu akasema. "Njoo uiamshe."

"Mie?"

"Nimeshika funguo za chumba hiki tangu mwanzo. Ningekuwa naogopa ife ningekuita wewe?"

Zuhura akaenda, anafuta viganja kwenye sketi. Mwalimu akamwonyesha kitufe cha kuzimia. Akakishikilia. Giza. Akakibonyeza tena. Ikachukua muda. Ikawaka, ikapiga ule mlio wake wa kuamka, na darasa likapiga kelele kama bao limefungwa. Kisha wote wakataka kuigandisha ya kwao. Mwalimu mkuu alikuja mbio akidhani watu wanapigana.

Tangu siku hiyo chumba hakikunyamaza. Watoto wawili wawili kwa kila kompyuta, mmoja anabonyeza, mwenzake anamwambia siyo hapo, kama kule uani kwa kina Zuhura. Kipimo kiliporudiwa mpimaji wetu alilazimika kuwaomba wasubiri amalize kusoma maelekezo. Kompyuta hazikuondoka. Zilikaa pale mpaka zikazeeka, na katika miaka yote hiyo iliyoharibika kabisa ni moja, iliyomwagiwa chai na mgeni rasmi.

Sisi nasi tuliongeza sentensi katika mwongozo wetu, ambayo mnaikuta hadi leo ukurasa wa mwanzo: kabla ya kumpima mtoto anachojua, uliza amekatazwa nini. Daktari aliitengeneza lugha yake iwe ya kitaalamu, Bi Rehema akaifuta, akairudisha ilivyokuwa. Miaka iliyofuata tuliitumia Buguruni, Mbagala, Tandale, na kila mahali tulikuta katazo lake. Kuna shule watoto walikatazwa kuandika kitu ambacho hakipo kitabuni, halafu sisi tukawauliza maoni yao. Kuna nyumba wasichana walikuwa hawashiki simu mbele ya kaka zao. Hayo sikuyachoka. Nyumba ya pili haikufanana na ya kwanza hata siku moja, na kwa mtu mwenye ugonjwa wangu hiyo ndiyo dawa.

Bi Rehema alistaafu kabla yangu, anaishi kwa binti yake Mbagala, na hunitumia ujumbe wa sauti ambao nusu yake ni salamu. Mwalimu Tumaini alihamishwa, kisha akahamishwa tena, kama walimu wanavyohamishwa. Vitambaa aliviacha. Zuhura alimaliza masomo na anafanya kazi bandarini, katika ofisi ambayo zamani ilikuwa inaagiza vitumbua kwa mama yake. Ameniambia bado inaagiza.

Mlinifanyia sherehe nzuri ya kuniaga, na saa ya ukutani mliyonipa inatembea. Keki ilikuwa na jina langu, limekosewa herufi moja, nikaila hiyo herufi kwanza. Asubuhi iliyofuata niliamka kwa mazoea, nikavaa ndala zinazovuka haraka, ndipo nikakumbuka sina nyumba ya kumtembelea mtu. Nikafunga mlango. Nikageukia upande ambao jua halinipigi usoni.

Nilipanda daladala, nikateremka mahali ambapo kondakta alisema gari haliendi mbele zaidi. Ni Toangoma, mahali ambapo kwa miaka yote hii sikuwahi kupangiwa kazi. Nyumba nyingi bado hazijapigwa plasta, na mihogo imepandwa hadi ukutani. Nikatembea, nikasalimia, nikauliza mjumbe ni nani, kwa sababu mengine hayatoki mwilini. Mjumbe akadhani natafuta chumba, akanipeleka kwa mama mmoja mjane anayepangisha, Mama Mwajuma.

Alikuwa na vyumba viwili. Kimoja kinatazama njia, kina dirisha kubwa na feni. Cha pili kiko nyuma, kimepakana na ukuta wa shule. Alinionyesha cha mbele, akakisifu sana. Nikamwuliza cha nyuma.

"Cha nyuma hapana, baba yangu," akasema. "Mtu mzima kama wewe hutapumzika. Hapo ng'ambo wameweka darasa la kompyuta. Watoto hawanyamazi kuanzia asubuhi, sijui wanafundishwa nini."

Nikaomba nikione tu. Akafungua. Kitanda, msumari wa kutundikia nguo, dirisha dogo. Kupitia dirishani niliona mlango wa darasa, na nje yake viatu vimelundikana, vingine vimepinduka. Mtoto mmoja ndani alikuwa anasema kwa sauti ya juu kwamba yake imekufa, na wengine watano wanamwambia afanye nini, kila mmoja lake.

Niliuliza swali moja, nikanyamaza. Niliuliza ufunguo wa chumba kile uko wapi. Mama Mwajuma alinitazama kwa muda mrefu, akidhani nataka apunguze kodi. Kisha akaenda kuuleta.